Mfalme wa Jiwe Ashuka Garini

Katika chama chetu cha kanivali hapakuwa na mtu aliyejua kusimama kama Desmond Vowles. Kila Novemba trekta ilipolivuta gari letu la mapambo katikati ya mji wa Wells, maelfu ya taa zikiwaka na muziki ukitikisa vioo vya maduka, yeye alisimama juu kabisa kama sanamu, maana waamuzi wa mashindano walikata alama kwa kila aliyetikisika. Ungedhani hapumui.

Mkewe, Thelma, siku hiyo alikuwa na kazi moja: kumchekesha. Alijiweka kwenye kona ya sokoni, mbele ya duka la mikate. Mwaka mmoja alivaa suti ya harusi ya Desmond mwenyewe. Mwaka mwingine alikuja na mbuzi. "Desi! Umeacha jiko linawaka!" Desmond kimya. Wakishafika nyumbani ndipo anacheka mpaka anashika mbavu.

Kisha Thelma akaugua moyo. Tangu Agosti alikuwa amelazwa hospitali huko Bath, na Desmond akataka kujitoa. Thelma ndiye aliyemfukuza. "Nenda ukasimame, mzee. Hapa unaniletea sura ya msiba tu, na mimi sijafa."

Basi tukampaka rangi ya kijivu, tukamvika taji, awe kama mmoja wa wafalme wa mawe waliojipanga usoni mwa kanisa kuu la mji. Tulipofika kwenye kona, trekta ya mbele ikazima, msafara wote ukasimama. Mimi niliigiza mtumishi wake, nimepiga magoti miguuni pake, nami nikamwona Thelma kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, binti yao Gwenda nyuma yake. Safari hii hakuleta kichekesho chochote. Alipunga mkono tu.

"Wameniruhusu leo, Desi."

Mfalme wa jiwe akashuka.

"Vowles!" akapayuka Roly Hembrow, nahodha wetu. "Rudi juu! Waamuzi wale pale!"

"Waambie nimekufa," Desmond akasema, tayari amemkumbatia mkewe. Shavu la Thelma likawa kijivu.

"Desi, watu wanatuangalia."

"Si ndicho walichojia?"

Roly akaja mbio. Tulidhani anakwenda kumburuta. Akamtazama Thelma, akavua kofia. "Nyie mmekaa tu? Shikeni kiti hicho upande wa pili!"

Tukampandisha Thelma na kiti chake, tukamfunga mikanda vizuri kando ya mumewe. Trekta ikanguruma. Mji mzima ulimjua, na mji mzima ukamwandama: "Thelma! Mbuzi wako kala maua ya Askofu!" Thelma hakutikisa hata kope. Aliyekuwa akitetemeka kwa kicheko ni Desmond, mpaka taji likamwangukia puani.

Waamuzi walituweka wa mwisho. Baadaye, kwenye banda la chama, tukala chipsi zenye siki, Roly akiwalaani waamuzi wote tangu enzi za babu yake. Thelma akaomba chipsi; Gwenda akakataa, chumvi nyingi. Gwenda alipogeuka kutafuta koti la mama yake, nikampenyezea Thelma mbili, na Desmond, aliyetuona, akamwendea Gwenda na kuanza kumsifu Roly kwa sauti kubwa.