Gari la Wagonjwa Lipite Kwanza

Breki, jina alilobandikwa na madereva wenzake kwa sababu alizitumia kwa nadra, alikuwa ameendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na mitatu bila kuaibishwa na mtu. Sasa alikuwa anaaibishwa na binti yake wa kumzaa.

Binti huyo alikuwa fundi wa mtandao mpya. Kila gari la wagonjwa na la zimamoto lilifungwa kifaa cha kurusha picha na vipimo hadi hospitali, ili daktari amwone mgonjwa akiwa bado njiani. Mafundi walikuwa na mazoea yao: walijaribu mitambo alfajiri, barabara zikiwa nyeupe, wakazunguka mji mara moja, kila kitu kikakubali, wakaenda zao kunywa chai. Wote walitia saini kwamba mtandao uko tayari, isipokuwa yeye.

"Alfajiri watu wamelala," alimwambia mkuu wake mbele ya kikao kizima. "Hata mimi nikikimbia peke yangu nashika namba moja. Twende tukajaribu siku ya mechi, uwanja ukiwa umefurika."

Wakaenda shingo upande. Lo! Mtandao ukafa fofofo. Kumbe mnara wa simu wa pale uwanjani haukupangwa kutofautisha mtu na mtu. Gari lenye mgonjwa mahututi lilikaa foleni nyuma ya shabiki anayerusha picha ya goli. Uzinduzi ukaahirishwa miezi miwili, wakubwa wakawaka, na mkuu akamwambia bila kupepesa macho: rekebisha, na mechi ijayo mtandao ukigoma tena, tafuta kazi nyingine.

"Si ungetia saini tu kama wenzako?" Breki alimjia juu nyumbani. "Ujuaji mwingi! Mimi kule kazini nawatazama watu kwa macho gani?"

"Baba, nimeupanga upya. Safari hii mnara utalijua gari lako. Litapita kwanza."

"Haya, tutaona."

Mechi ikafika. Kipindi cha pili, mwalimu mmoja wa makamo alishika kifua akaanguka jukwaani. Breki na muuguzi wake wakambeba mbiombio hadi garini, mkewe akapanda naye, muuguzi akambandika waya za kupima moyo. Msongamano ulikuwa wa kutisha. Hospitali ilikuwa mbali dakika arobaini. Sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda walikuwa nayo, lakini ile si ya kubahatisha. Ukimchoma asiyestahili unaweza kumuua, kwa hiyo ni lazima daktari auone kwanza mchoro wa moyo.

"Simu yangu haishiki kabisa," mke wa mwalimu alilia. "Nampigia kaka yake, haiendi!"

Ya muuguzi nayo ilikuwa imekufa. Breki alikitupia jicho kifaa. Kikigoma hiki kifaa, alijisemea, mwalimu kwisha, na mwanangu kwisha.

Kioo cha kifaa kikawaka. Daktari akatokea, anaonekana hadi kalamu ya mfukoni.

"Mchoro nimeupata. Mshipa wa moyo umeziba. Mchome sasa hivi, nakuangalia."

Sauti haikukatika hata mara moja, njia nzima. Walipofika hospitali, mwalimu alikuwa anauliza matokeo ya mechi.

"Tungesubiri mpaka mfike, tungempoteza," daktari alisema akimpokea.

Breki kifua kilimjaa, mdomo ukakataa kufungika. "Aliyeuweka sawa mtandao huu ni binti yangu," alimwambia daktari ambaye hata hakuuliza. "Wa kumzaa mwenyewe!" Akamwambia mlinzi, akamwambia mfagiaji, akamwambia mama wa mapokezi mpaka mama wa watu akaacha kuandika na kumpa hongera.

Akatoa simu ampigie binti. Haikwenda. Mji mzima ulikuwa unapigiana kuhusu goli la dakika za mwisho. Akajaribu mara nane.

"Tumia cha garini, kinashika," muuguzi alimwambia.

"Ebo! Hicho ni cha wagonjwa. Unataka mwanangu anitoe roho?"

Mara ya tisa ikaita.

"Baba? Mgonjwa wenu vipi?" Huko kwenye chumba cha mitambo wote walikuwa wameona mchoro ukipita, lakini hakuna aliyewaambia mwisho wake.

Breki alikuwa ameandaa maneno makubwa. Yote yakayeyuka.

"Mzima. Anaongea," alisema. "Nilikosea, mwanangu. Nilikukosea sana." Machozi yalimtoka mbele ya watu, na hakujali.

Upande wa pili akasikia mtu akiuliza ni nani kwenye simu, na binti yake akijibu kwa sauti iliyojaza chumba:

"Ni baba yangu. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha."