Februari Niliyoingia Lifti

Mimi ni msimamizi wa jengo, na humo jengoni wamo wanasaikolojia kumi na watatu. Msishangae. Mtaa wetu huu wa Buenos Aires ukirusha jiwe utampiga mwanasaikolojia, na jiwe likidunda litampata mgonjwa wake. Miaka kumi na tisa nimedeki ngazi zao na kuwapokelea barua, na katika miaka hiyo yote niliingia lifti yao mara moja tu.

Sababu kila mtu aliijua. Kiangazi kimoja umeme ulikatika nikakwama humo kwa muda wa saa sita, peke yangu, gizani. Waliponitoa nikaapa: lifti ni yao, ngazi ni zangu. Basi kila aliyepishana nami kwenye ngazi alinipa tafsiri yake. Wa ghorofa ya pili alisema lifti ni tumbo la mama. Wa ghorofa ya saba akasema ni baba. Marehemu baba yangu alichunga ng'ombe huko Corrientes, lifti hakuwahi kuiona kwa macho, masikini ya Mungu!

Aliyenichukulia kwa dhati ni Daktari Grinstein wa ghorofa ya tatu, ambaye pia hufundisha chuo kikuu. Kila Ijumaa, miaka tisa, nililala kwenye kochi lake bure, naye hakuchoka na swali lake: "Na hiyo inakukumbusha nini, Bi Nilda?" Simsemi vibaya. Kwenye kochi lile nilimlilia marehemu mume wangu mpaka nikaweza kumtaja bila kulia. Lakini nikitoka pale, lifti iko palepale na mimi niko palepale.

Mwaka huu goti likanisaliti. Daktari wa mifupa akasema nipande ghorofa mbili, basi, zaidi ya hapo ni kujitakia. Na mwaka huuhuu binti yangu Yamila, anayesomea saikolojia, akapangiwa kutetea tasnifu yake tarehe ishirini na nane Februari, ghorofa ya kumi na nne ya chuo kikuu. Mtoto niliyemsomesha kwa ufagio na dekio! Nilitaka niwe ndani ya chumba kile wakimtangaza mwanasaikolojia. Sikutaka kusimuliwa.

"Utakuwepo," Yamila akaniambia. "Kwa lifti."

"Wee! Umerogwa?"

"Mama, Februari wanasaikolojia wote wako likizo pwani. Hakuna wa kututafsiria kitu. Nipe mwezi huu tu."

Kwa wasomi wa mtaa huu Yamila ni kituko. Wenzake wanachimba utoto wa watu; yeye anasema hofu ni kitu ambacho mwili umejifunza, na mwili unaweza kufunzwa upya. Walimwita msichana wa mbwa na kengele, kwa lile jaribio la mbwa aliyefunzwa kudondokwa mate kila akisikia kengele. Mimi nikamwambia hiyo nadharia yake si mpya hata kidogo: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Ndiyo hiyohiyo," akacheka. "Sasa tutakaa na ung'ongo mpaka mwili ukubali kuwa si nyoka."

Akaandika hatua kumi, akazibandika kwenye friji. Ya kwanza, nisimame mbele ya lifti mlango ukiwa wazi. Ya kumi, nipande mpaka juu peke yangu. Sheria ilikuwa moja tu: hofu niipe alama, sifuri mpaka kumi, na nisiondoke kabla haijashuka nusu.

Siku ya kwanza nilisimama pale na kibuyu changu cha chai chungu, nikinyonya kwa bomba, jasho likinitiririka mgongoni. "Nane," nikasema. Baada ya dakika arobaini nikawa nimechoka kuogopa, nikaanza kuona vumbi kwenye wavu wa mlango. "Tatu. Na huu uchafu, aibu yangu."

Jumanne saa kumi jioni kamili akatokea Bwana Osvaldo, fundi cherehani mstaafu, mgonjwa wa ghorofa ya tano. Mtaalamu wake yuko pwani kama wenzake, na yeye anajua.

"Umefuata nini?" nikamuuliza.

"Miguu imeshazoea, Bi Nilda. Saa kumi ya Jumanne inanileta yenyewe." Akanitazama nilivyosimama. "Na wewe vipi, utaingia au unaichumbia?"

"Ishia huko!" nikamwambia, lakini nikamletea kiti.

Akawa anakuja kila siku. Hatua ya pili, ya tatu na ya nne zikapita vizuri, nikaanza kuringa. Ya tano ilikuwa kufunga mlango nikiwa ndani. Ulipofungwa tu nikaona roho inatoka. Nikaufungua, nikatimua mbio, goti likagonga ukuta. Nikaenda moja kwa moja kwenye friji nikaichana karatasi ile vipande vipande.

"Mimi si panya wa maabara!" nikamfokea Yamila. "Kajifunzie kwa mama wa mtu mwingine!"

Yeye hakurudi nyuma. "Ukikimbia, mwili unajifunza kwamba mbio ndizo zilizokuokoa. Rudi, Mama. Sasa hivi."

Nilimchukia mtoto wangu dakika ile, nasema kweli. Nilitoka hata hivyo, nikamkuta Bwana Osvaldo ameingia lifti, amejikalisha sakafuni. "Njoo basi," akasema. "Mimi mpaka Machi sina pa kwenda."

Nikaingia. Tulikaa humo saa nzima, mlango umefungwa, yeye akinisimulia harusi ambayo alimshonea bwana harusi suruali fupi mguu mmoja. Kumi. Tisa. Tisa. Saba. Nne. Nililia mpaka kamasi, lakini sikutoka. Na tarehe ishirini na sita nilipanda mpaka ghorofa ya kumi, ya juu kabisa, peke yangu, nikafungua dirisha nikampigia kelele Bwana Osvaldo kule barabarani mpaka majirani wakatoka.

Siku yenyewe ikafika. Yamila alitangulia. Mimi nikaingia chuoni na blauzi yangu nzuri, nikaifuata lifti, nikakuta karatasi: MBOVU.

"Ngazi zile pale, mama," mlinzi akasema.

"Sikuja kwa ngazi! Nimehangaika mwezi mzima kwa ajili ya lifti. Nipe lifti!"

"Iliyopo ni ya mizigo. Chuma tupu, inatikisika, taa yake inazima inavyotaka. Sasa hivi inapeleka viti juu. Watu hawaipandi."

"Mimi naipanda."

Haikuwa na wavu wala upenyo. Mlango ulipofungwa taa ikazima. Kumi! Nikashika mguu wa kiti, nikaiambia hofu kwa sauti, "Panda mpaka uchoke, mimi siendi kokote." Nikazihesabu ghorofa kwa mitikisiko: ya nane, hofu ilikuwa tisa. Ya kumi na mbili ilikuwa sita. Mlango ukafunguka nyuma ya ukumbi, katikati ya swali.

Aliyekuwa anauliza ni Daktari Grinstein, uso mwekundu kwa jua la pwani. "Ukiifuta hofu bila kujua mzizi wake, si itachipuka kwingine?"

Viti vikaanguka kwa kishindo. Ukumbi mzima ukageuka ukaniona, grisi begani, nywele timutimu.

"Bi Nilda?" Daktari akasimama. Goti langu alilijua. "Umefikaje huku juu?"

"Kwa lifti ya mizigo, Daktari. Gizani."

Alinitazama grisi ile begani. Kisha mazoea yakamponyoka: "Na... inakukumbusha nini?"

"Hainikumbushi kitu. Imenileta kwa mwanangu."

Akaketi, akavua miwani. "Sina swali jingine," akasema, na yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi. Yamila alikuwa analia waziwazi mbele ya jopo zima, na bado wakampa alama za juu kabisa.

Tulishuka pamoja kwa lifti ileile. "Mama, hiki kitu kinatisha," akaninong'oneza.

"Vuta pumzi, mwanasaikolojia. Nipe alama."

Nje wenzake walikuwa wanamsubiri na mayai na unga, maana hapa kwetu ndivyo anavyopongezwa mtu aliyehitimu. Nililinyakua yai la kwanza nikampasulia utosini, nikammwagia unga kilo nzima, nikamkumbatia tukawa donge moja. Lami yote ikageuka kinamasi, na mlinzi akatoka ameshika ufagio, akauliza nani atasafisha.

"Safisha wewe," nikamwambia. "Mimi leo sifagii."