Hatapikwa Jikoni Mwangu

Twaiba aliomba kwa adabu, na hilo lijulikane kabla ya mtu kumtia makosani. Alikuwa kitandani, mzazi wa juzijuzi, kitoto chake Yusra kinalia mpaka sauti inakauka, na maziwa hayatoshi. Kwao Kinango mzazi hunyweshwa supu ya bata mzinga, na mama yake angekuwa hai angeshamletea. Baba yake alikuwa tayari amemchinja mmoja kwa ajili yake. Basi akamwomba mavyaa wake, Bi Hasina, ruhusa apikiwe.

Bi Hasina akasema bata ni mzio katika nyumba ile ya Msambweni tangu enzi za babu zao, na anayemla hutokwa na vidonda. Twaiba akamweleza kwamba huyu ni bata kwa jina tu. Haogelei, wala miguu yake haina utando, ni wa ukoo wa kuku. Mavyaa akamkazia macho.

"Kama si bata, mbona anaitwa bata? Hatapikwa jikoni mwangu."

Hapo pangekwisha, lau si lile la pili. Bi Hasina akatangaza kwamba amekwisha kumpigia simu bintiye Ummi, aliyeolewa Kikoneni na anayenyonyesha, aje kesho akae nao na kumpa mtoto ziwa. Loo! Damu ilimpanda Twaiba kichwani. Kunyonyesha si kubembeleza. Mtoto akizoea kunyonya kwa mtu akashiba, kwa sheria ya dini huyo ni mamake, na wanawe ni ndugu zake, hilo halifutiki. Yusra ndiye mtoto wake wa kwanza. Yaani agawiwe mama wa pili kabla hajamzoea wa kwanza? Mumewe Luqman, alipoambiwa, alikuna kichwa akasema mama ni mama. Kwa kukuna kichwa, bwana yule hakuwa na mfano.

Twaiba hakulia. Alimpigia simu mdogo wake Warda, anayefanya kazi za ndani Diani. Matajiri wake walikuwa wamerudi kwao Ulaya wakamwachia jungu la stima, lile la kupika polepole, lisilotoa moshi wala kutaka kuangaliwa. Asubuhi yake Warda akaingia na kapu lake, akampa Bi Hasina shikamoo ya heshima zote, akamuulizia na magoti yake, kisha akapita moja kwa moja chumbani. Ndani ya kapu mlikuwa na jungu, na bata mzinga wa baba yao keshakatwakatwa.

Warda akanong'ona, je, mavyaa akijua?

"Amekataza jikoni mwake," Twaiba akasema. "Hapa ni chumbani mwangu."

Wakalitua jungu sakafuni kando ya kitanda, wakachomeka waya ukutani. Shingo, mabawa na mgongo chini, kisha kitunguu maji na saumu, tangawizi iliyopondwa, bizari nzima, mbatata, na pilipili manga ya kumtoa mzazi jasho. Wakatia maji mpaka yakafunika nyama, wakaweka moto wa chini.

Kufikia adhuhuri harufu ilikuwa imepita ukumbini ikafika uani. Bi Hasina akadai ni jirani anapika. Akaenda kuchungulia, akakuta jiko la jirani limezimwa tangu asubuhi. Chumbani Twaiba alikunywa bakuli zima, akaongeza jingine, akatafuna mpaka ngozi ya shingo. Jasho lilimtiririka mgongoni. Akampakata Yusra akamnyonyesha, akapumzika, akanywa tena, akamnyonyesha tena.

Alasiri Ummi akashuka kwenye bodaboda. Bi Hasina akamwingiza chumbani, akamkalisha kitandani, naye akaanza kufungua vifungo vya gauni. Mavyaa aliponyoosha mikono kumchukua mtoto ndipo alipoliona jungu. Akauliza ni nini kile, ingawa pua ilishamjibu.

"Ni bata mzinga, mama. Nimemla, na nitamla mpaka mifupa. Kidonda kikitoka, kitanitoka mimi. Lakini mtoto simtoi."

Bi Hasina akaanza kuwataja babu mmoja mmoja, waliolala Msambweni na waliolala Lunga Lunga. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Twaiba akamweka Yusra kifuani, akamwacha mavyaa aseme. Mtoto akashika, akavuta, na kidogo kidogo mle chumbani mkasikika akimeza, gu, gu, gu, maziwa yakimchuruzika shavuni.

Ummi ni mama, sauti ile anaijua. Akafunga vifungo vyake.

"Mama, mtoto huyu ana mamake," akasema.

Bi Hasina aliinama kwa hasira, akauchomoa waya ukutani. Twaiba akamwacha achomoe. Supu ilikuwa imeshaiva.