Aliyebaki Kiti cha Mbele

Jumamosi asubuhi, wakati maduka ya mikate ya Glendale yakifungua milango, Manvel Torgomyan alitia saini karatasi ya kununua gari bila kuisoma. Kalamu ilikuwa ya Razmik, meza ilikuwa ya Razmik, na Razmik mwenyewe alikaa ng'ambo ya meza akipasua mbegu za alizeti kwa meno. Angekuwa muuzaji mwingine, Manvel, fundi wa makabati ya jikoni ambaye hakuwahi kukata ubao bila kuupima mara mbili, angeisoma karatasi ile toka juu mpaka chini, kisha angempa mwanawe naye aisome. Lakini Razmik alikuwa kavor wake. Ndiye aliyemsimamia siku ya ndoa, ndiye aliyembeba mwanawe Narek kwenye ubatizo, na babake Razmik alikuwa kavor wa babake Manvel kule Gyumri walikotoka. Mbele ya kavor mtu hasomi karatasi. Ukisoma, umemwambia usoni kwamba ni mwizi.

"Hapa kwenye hati kuna muhuri," Razmik alisema, kwa kuwa sheria ilimtaka aseme. "Gari lilirudishwa kwa waliolitengeneza. Na pale kwenye fremu ya mlango wamebandika kikaratasi. Usikibandue, wanakukamata."

Wenyeji wa California huliita gari la namna hiyo limau. Manvel alikuwa ameishi nao nusu ya umri wake na bado hakuelewa limau liliwakosea nini.

"Lilikuwa na shida gani, kavor?"

"Redio. Ukipita chini ya daraja inazimika. Tajiri akizimikiwa na redio anakwenda mahakamani, si unawajua."

Gari lilikuwa jeusi, refu, lenye viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa, na bei yake ilikuwa nusu ya ile ya wenzake. Manvel alilihitaji. Narek alikuwa anaoa, na wazazi wa bibi harusi walikaa juu mlimani, kwenye nyumba zenye mageti yanayofunguka yenyewe. Mama wa binti alikuwa amemuuliza kwa upole, huku akimkatia keki, watakuja kumchukua Talin na gari gani. Tangu siku ile Manvel hakutulia. Alikuwa na gari moja tu, la kazini, lililojaa vumbi la mbao, na swali la yule mama lilimfuata hadi bafuni.

Alipofika kwenye taa za kwanza barabarani aliona kwamba kiti cha abiria kina mtu. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta la rangi ya krimu, mkoba magotini, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza zulia kwa nguvu zote.

"Kanyaga sasa," yule mama alisema.

Taa zilikuwa bado mbali. Manvel alikanyaga kwa sababu aliambiwa, na gari likaendelea kwenda. Lilisikia, lakini lilisikia kama mtoto anayeitwa kuoga. Lilisimama likiwa limepita mstari, na mwenye mbwa aliyekuwa anavuka akagonga boneti kwa ngumi na kumtukana.

"Linafikiri kwanza," mama alieleza. "Si kila mara. Ndiyo maana mafundi hawakuniamini."

Manvel alimshukuru, na njia nzima iliyobaki aliendesha polepole.

Nyumbani, mkewe Siranush alilizunguka gari, akapitisha kidole juu ya rangi, akachungulia ndani.

"Na huyu?"

"Amekuja na gari."

Siranush aliingia ndani akarudi na kahawa, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Yule mama alijitambulisha kuwa ni Lorraine. Alisema gari lilikuwa lake alipokuwa anakaa Ventura, na kwamba hata sasa bado anakaa Ventura, mzima kabisa, anapanda maua na ana gari jingine. Ila siku ile kwenye mteremko, gari lilipokataa kusimama na mjukuu wake yuko nyuma, aliogopa kupita kiasi. Walipotoka salama na kufungua milango, si yeye wote aliyetoka; sehemu yake ilibaki kitini.

"Mimi ndiye niliyebaki," alisema, akanywa kahawa. "Yule mwingine analala vizuri sana."

"Na wale wenye kampuni walisemaje?" Siranush akauliza.

"Kila nikienda, hatuoni kasoro, hatuoni kasoro. Mwishowe wakanirudishia pesa zangu, wakalichukua. Nilidhani watalivunja."

Siranush alimtazama mumewe. Manvel alikuwa amekwisha kuchukua kitambaa na kuanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na uchafu.

Majirani walikuja kulitazama gari na kumsalimu Bi Lorraine kupitia dirishani. Padri alialikwa kulibariki. Aliomba, akanyunyiza maji, na Bi Lorraine akapangusa miwani yake kwa ncha ya sweta. Jirani mmoja aliyekuwa dereva wa malori alisema kwamba yeye aliwahi kuuziwa gari lenye mtoto anayelia kwenye buti, hivyo mtu mzima na mwenye adabu ni afadhali.

Manvel alikonda. Kila jioni baada ya kazi alilitoa gari na kulizungusha mitaani, akipanda na kushuka, akilitega. Mara tisa breki zilishika vizuri, ya kumi zikafikiri. Alimpelekea fundi wa mtaani, fundi akalizungusha gari akarudi akasema haoni kitu. Bi Lorraine aliguna tu. Usiku Manvel alijigeuza kitandani mpaka shuka likatoka kwenye godoro, na asubuhi alikuwa wa kwanza uani, akilizunguka gari na kikombe mkononi.

"Lirudishe," Siranush alimwambia wakiwa mezani.

"Nimrudishie nani?"

"Si aliyekuuzia?"

"Nimwambie nini? Kavor, umeniuzia jeneza? Mwanamke, huyo ndiye atakayesimama nyuma ya Narek kanisani na msalaba mkononi. Nikimtia aibu leo, harusi inasimamiwa na nani? Na wewe?"

"Basi mwambie Narek."

"Narek ana furaha. Mwache na furaha yake."

Siranush alichukua sahani ya tatu akaipeleka nje.

Jumapili moja kabla ya harusi Razmik alikuja kula nyama choma. Moto ulikuwa umewaka vizuri, mishikaki imepangwa, Narek na Talin wamekaa kivulini wakipekua picha za maua. Razmik aliingia uani amebeba tikitimaji kifuani. Alipopita kando ya gari alisimama, akainama dirishani, na uso wake ukakunjuka.

"Bi Lorraine! Kumbe bado upo! Goti linaendeleaje?"

"Si baya," Bi Lorraine alisema. "Uliahidi kumwambia atakayenunua."

"Nimemwambia kuna muhuri. Kunywa maji, mama, jua kali leo."

Kila mtu pale uani alisikia. Siranush alisimama na bakuli la saladi mikononi. Manvel alihisi damu ikimpanda kichwani, akahisi na aibu pia, na aibu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, kama kwamba yeye ndiye aliyedanganya.

"Unamjua?" aliuliza.

"Alikuwemo tangu kule mnadani. Mama mwema, hasumbui mtu." Razmik aliweka tikitimaji mezani na kukung'uta mikono. "Mbona nyama inaungua, ndugu yangu?"

Manvel aligeuza mishikaki. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, mengine ya matusi ya Gyumri ambayo hakuyatumia tangu ujana. Nyama ilipoiva alimimina vodka ya aprikoti kwenye glasi ndogo, akasimama, na akanyanyua glasi ya kwanza kwa heshima ya kavor, kama inavyopaswa. Alisema kavor ni nguzo ya nyumba. Sauti yake ilitetemeka, na Razmik, aliyedhani ni mapenzi, akatokwa na machozi akamkumbatia. Siranush alikunywa maji.

Siku ya harusi Razmik mwenyewe ndiye aliyelifunga gari utepe mweupe. Manvel alijaribu mara moja tu. Alisema labda Talin ashuke na gari la Narek, dogo, lakini jipya.

"Uwe na akili," Razmik alisema. "Bibi harusi ashushwe mlimani na kile kiberiti? Mamake ataangua kilio. Endesha wewe, baba mkwe. Mimi nitatangulia nipige honi."

Basi Talin akapanda nyuma, gauni likajaza kiti chote, na Siranush akajibana kando yake. Wapiga ngoma na wapuliza zurna, zumari ya kwao, walikuwa bado wanapiga getini. Bi Lorraine alijisogeza mbele, akasukuma mkoba wake chini ya kiti ili mguu upate nafasi. Manvel alikanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama. Zilishika.

Mlima ule ni mrefu na una kona. Kona ya kwanza breki zilishika, ya pili zikashika, na Manvel akaanza kudhani kwamba padri hakulipwa bure. Chini kabisa, pale njia inapokutana na barabara kubwa, taa zilikuwa nyekundu na lori la taka lilikuwa linakatiza polepole.

"Kanyaga sasa," Bi Lorraine alisema.

Manvel alikanyaga. Gari likafikiri.

Lilifikiri kupita ukuta wa mawe, likafikiri kupita kituo cha basi chenye mwanamke aliyekuwa anakula machungwa. Bi Lorraine alikuwa amekandamiza zulia kwa miguu yote miwili. Siranush alimkumbatia Talin kichwa na kumsukuma chini kwenye gauni lake mwenyewe, na katika kioo Manvel aliona macho ya mkewe yakimtazama yeye, si lori. Alijua lazima wafe na alijua kwa nini. Wangekufa kwa sababu hakutaka kusoma karatasi mbele ya mtu. Kisha breki zikakubali. Gari lilisimama likiwa limegusa lori la taka, taratibu kama mtu anayegonga mlango, na utepe mweupe ukanasa kwenye chuma cha nyuma.

"Baba mkwe una haraka ya kuniozesha," Talin alisema akiinua kichwa, akacheka. Nywele zake zilikuwa zimeharibika upande mmoja.

Walifika kanisani. Manvel alizima injini, akafungua mlango, akatoka, na akashangaa jinsi miguu yake ilivyokuwa myepesi. Akageuka kuchukua funguo. Yeye mwenyewe alikuwa bado amekaa nyuma ya usukani, suti ileile, ua lilelile kifuani, mikono imeng'ang'ania mpaka vifundo vimepauka. Alijitazama kidogo. Kisha akafunga mlango polepole asije akajibana kidole.

Jioni ile alicheza kama ambavyo hakuna aliyewahi kumwona akicheza. Alimbeba Razmik mabegani. Usiku alilala fofofo, na kesho yake pia, na tumbo likaanza kurudi. Siranush ndiye aliyekuwa anapeleka kahawa uani, vikombe viwili sasa, na alikuwa anakawia huko.

"Anasema tusiliuze," alimwambia siku moja. "Anasema afadhali livunjwe."

"Huyo ana wasiwasi sana," Manvel alisema.

"Huyo ndiye mume wangu niliyemzoea."

Manvel alimbusu kichwani, akampigia Razmik simu. Razmik hakuwa mtu wa kukataa wema. Alikuwa na binamu katika jimbo jingine, ng'ambo ya jangwa, na binamu alijua namna ya kuandikisha gari upya kule mpaka hati ikatoka safi. Kikaratasi cha mlangoni Razmik alikibandua kwa mvuke wa birika. Siku gari lilipoondoka Bi Lorraine alipunga mkono. Mwenzake, aliyekuwa amehamia kiti cha nyuma kumpisha dereva, aliweka kiganja kwenye kioo, na Siranush akatembea kando ya gari mpaka mwisho wa mtaa. Aliporudi alivua viatu na kwenda kulala mchana kweupe.

Mvua za kwanza zilipoanza, simu iliita wakati wa chakula. Alikuwa mwanamume wa sauti changa, mstaarabu.

"Bwana Torgomyan? Samahani kwa usumbufu. Nimenunua gari lililokuwa lako. Nambari yako nimepewa na huyu bwana aliyekaa nyuma. Yeye na huyu mama wananiambia nikuulize kuhusu breki. Nauliza tu kwa sababu nalitumia kuwapeleka watoto shule, na huku kwetu ni milima mitupu."

Siranush aliweka kijiko chini.

Manvel alikuwa na njaa, na supu ilikuwa inapoa. Alijitafuta ndani, kwa muda, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo, na hakukuta chochote kilichomzuia.

"Breki? Hapana," alisema. "Ilikuwa redio tu. Ukipita chini ya daraja inazimika."

Yule kijana alishukuru sana. Kabla hajakata, Manvel alisikia injini ikiunguruma, watoto wakigombania dirisha, na nyuma yao sauti yake mwenyewe ikisema, kanyaga sasa, kijana, kanyaga sasa. Akaweka simu mezani na kuomba aongezewe mkate. Siranush alimpa.