Mstari wa Kumfikisha Babu

Kila Jumanne saa nne asubuhi, kipindi cha hisabati kikianza, babu yake Oratile alipita nje ya dirisha la darasa. Alikuwa na miaka miwili kaburini, na koti lake halikuwa na kifungo hata kimoja. Yeye alitembea upande huu wa seng'enge. Upande wa pili, ndani ya shamba la Kaburu, alitembea bibi, aliyezikwa huko kabla seng'enge haijasogezwa. Babu alipofariki, mwenye shamba alikataa katakata kuruhusu jeneza lipite. Sasa marehemu hao walikwenda mwendo mmoja, hatua sita kati yao, wala hawakukutana.

"Sambamba hao," alisema Mwalimu Mosinyi, akiwaelekezea chaki. "Mteremko wa mstari wa kila mmoja ni nusu. Watembee mpaka jangwa la Kgalagadi liishe, hawakutani ng'o."

Maneno hayo yalimwingia Oratile moyoni yakamuuma. Babu ndiye aliyemlea, na alichoomba kabla ya kukata roho ni kulazwa karibu na mkewe.

"Mwalimu, mstari gani utamfikisha?"

"Wa pembe mraba, mama. Geuza nusu juu chini, kisha weka alama ya kutoa."

Oratile akapiga hesabu, akachora grafu, halafu akaenda kuuchora mstari uwanjani kwa chokaa ya uwanja wa mpira. Jumanne iliyofuata babu aliukanyaga, akapinda, akaingia jikoni kwa Mma Tshenolo, aliyekaanga maandazi ya magwinya kando ya shule, na kutokea mlango wa nyuma.

"We Oratile!" Mma Tshenolo alifoka, mwiko mkononi. "Babu yako kanimwagia unga wa magwinya! Alama ya kutoa umeiacha wapi, mtoto wewe?"

Darasa zima likaangua kicheko. Oratile akafuta 2, akaandika −2, akamwaga chokaa upya.

Jumanne ya tatu babu aligeuka, akanyoosha. Bibi naye akasimama, akamtazama anavyokuja. Babu akafika kwenye seng'enge, nyaya saba zilizokazwa sawasawa, akakwama hapo.

"Umekonda," bibi alimwambia.

"Ng'ombe wetu je?"

"Waliuzwa wote."

Mwalimu akatoka, akapima pembe, akakuta nyuzi tisini kamili. Akampa Oratile kumi juu ya kumi.

"Lakini Mwalimu, si bado yuko huku!" Oratile alisema akilia.

"Naona, mwanangu."

Alhamisi, wawili hao wakiwa bado pale, vibarua wa shamba walikuja kuongeza waya wa nane.

"Samahani, Rra, hebu tushikie hapa," mmoja alimwambia babu.

Babu akawashikia koleo, maana kazi ile ya kukaza seng'enge aliifanya miaka thelathini alipokuwa hai, na bibi akarudi nyuma kidogo ili waya usimchome.