Kura za Marehemu

Kila Jumapili saa mbili asubuhi, kabla kengele ya kanisa haijalia, Oom Faan Lategan, yaani Mjomba Faan kwa Kiafrikana, aliwaita wanachama wa klabu ya redio ya ridhaa kwa majina, na kila aliyeitwa aliitika kutoka nyumbani kwake kwa redio yake mwenyewe, akaeleza hali ya hewa na hali ya mgongo wake. Nesi Zoleka Ntlabati aliwasikiliza akiwa katika chumba chake cha uani, upande wa pili wa reli, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari. Leseni ya serikali alikuwa nayo. Alichokosa ni mlingoti wa antena, maana MaDlomo mwenye nyumba alikataa chuma chochote juu ya bati lake, akisema radi haihitaji kualikwa. Kwa hiyo Zoleka alibonyeza kitufe kwenye kioo cha simu, sauti yake ikasagwa ikawa tarakimu, ikapita mtandaoni hadi kwenye mashine ya klabu iliyoko kilimani, na kutoka pale ikaruka hewani mpaka kwenye redio za wazee hao. Walimsikia vizuri mno. Hawakumwita.

"Hiyo ni simu, Nesi," Faan alimweleza, bila ukali. "Redio ina mlingoti. Ukipata mlingoti tutakuita."

Jumapili ya mwisho wa mwaka walikuwa na desturi ya kuwaita pia marehemu wa klabu, na baada ya kila jina kunyamaza kidogo kwa heshima. Mwaka huo alipoitwa Sakkie Terblanche, aliyezikwa wakati wa baridi, aliitika. Aliitika kwenye simu ya Zoleka peke yake. Alisema huko hakuna upepo, na mgongo umepona.

Zoleka akabonyeza, akayarudia maneno hayo hewani. Ndiyo ada ya watu wa redio: ukimsikia mtu ambaye wengine hawamsikii, unayapitisha maneno yake yalivyo, huongezi chumvi wala hupunguzi, na anayehesabiwa kuwa amefika ni yeye, si wewe uliyembeba. Faan akamshukuru Sakkie kwa taarifa, akamwita marehemu aliyefuata. Naye alikuwepo.

Hakuna aliyeshangaa. Mhandisi mmoja mstaafu alieleza kwamba marehemu hawana tena milingoti, kwa kuwa wajane huing'oa, hivyo njia iliyowabakia ni mtandao. Mlingoti wa Sakkie, mkewe Hettie alikuwa ameulaza uani, anaanikia mashuka.

Basi Jumapili zikawa ndefu. Sakkie alimwelekeza Hettie alikoficha ufunguo wa pampu. Wanaume wawili waliokufa wamenuniana kwa ajili ya mbwa waliendelea kununiana, na Zoleka akawa anabeba matusi ya kila mmoja, kwa bando lake mwenyewe. Wengine wakishaaga, Sakkie alibaki kidogo kumuulizia magoti ya mama yake. Zoleka alimpenda mzee huyo, hilo lisifichwe.

Ni Hettie aliyelianzisha. "Huyu binti anatubebea waume zetu kila wiki, na jina lake hatuliiti. Jamani, hata haya hatuna?"

Wakapiga kura hewani. Walio hai walimpitisha kwa tofauti ya kura mbili. Zoleka aliishika simu kwa mikono miwili. Alitaka jambo moja tu, Faan alitaje jina lake asubuhi ya Jumapili, naye aitike.

Faan akakohoa. "Na marehemu? Tunawahesabu. Hatuwezi kuwaruka."

Marehemu walikuwa wengi kuliko walio hai. Zoleka akasikiliza. Mmoja baada ya mwingine walisema hapana, kwa upole, kwa sauti za watu waliozoea kusikilizwa. Sakkie alikuwa wa mwisho.

"Sina ubaya na wewe, mwanangu. Ila mlingoti huna."

"Na wewe je, Oom Sakkie? Wako unaanikia mashuka."

"Mimi nilikuwa nao."

Hewani walikuwa wanangoja. Angesema ndiyo, hapakuwa na mtu duniani wa kumsahihisha. Mjumbe hauawi, wanasema wahenga, lakini hawakusema afanye nini akitumwa kujimaliza mwenyewe. Zoleka akabonyeza kitufe, akataja jina la kila marehemu, na baada ya kila jina akasema hapana, mpaka la Sakkie. Katika nyumba zote za wanachama sauti yake ilifika haina mkwaruzo, na Faan, ambaye ni mtu wa haki, alimpa alama za juu kabisa za kusikika vizuri. Hettie alizima redio yake akaenda kuanua mashuka.

Faan akauliza kama marehemu wana la ziada. Zoleka akasikiliza.

"Wanashukuru kwa kuhesabiwa," akasema. "Na wanaomba Jumapili ijayo nisichelewe."