Kukodi Jua

Kaka yangu Mrisho ni mbishi tangu tumboni, na wiki ile ubishi wake nusura unioteshe mvi. Mama yetu alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni, mashine inataka umeme, na umeme wa Mtaa wa Sikukuu ukawa unakatika kila ukijisikia. Ukikatika tunamhamishia mama kwenye mtungi wa akiba. Mtungi ukiisha kabla umeme haujarudi, basi tena. Kufunga sola tulikubaliana. Tulichogombania ni kukodi au kununua.

Eliakimu, kijana wa duka la sola pale Kariakoo, alitueleza bila kutuzungusha. Ukinunua unalipa zote, vitu vinakuwa vyako, na paneli zina udhamini wa miaka kumi na mitano. Ukikodi unalipa kila mwezi, na mkataba ukiisha wanapanda juu ya bati wanafungua vyao. Kukodi, alisema, kunamfaa mwenye shida ya muda mfupi. Kisha akatuuliza sisi tutatumia kwa muda gani.

Tukatazamana. Swali hilo Kariakoo mtu anaulizwa hata akikodi maturubai, na analijibu huku anatafuna karanga. Sisi ulimi uligoma. Daktari alikuwa ametuambia tumrudishe mama nyumbani, tumpe chochote anachopenda kula. Nani asiyejua daktari akisema hivyo amesema nini? Lakini mimi na Mrisho hatukuwahi kulitamka. Kwetu kumtajia mtu kifo naye yuko hai ni uchuro.

Mrisho akasema tunanunua. Pesa angeipata kwa kuuza bajaji yake, bajaji hiyohiyo inayowalisha mkewe na wanawe. Tulipotoka dukani nikamwakia palepale barabarani, mbele ya wauza mitumba, nikamuuliza kama wanawe watakula paneli. Hakupandisha sauti, naye ni mtu wa kupayuka.

"Ukikodi, Siwema, umemhesabia mama siku," alisema.

Ni kweli. Nilikuwa nimeshamhesabia. Nilijiona mchawi, na nilimchukia Mrisho kwa kunionyesha.

Kesho yake Eliakimu alikuja kukagua paa, maana maghorofa yametuzunguka na jua linatufikia kwa kuibia. Aliposhuka alisema linatosha. Akaingia chumbani kumwamkia mama, nasi nyuma yake, Mrisho keshamwambia Eliakimu kwamba mteja wa bajaji amepatikana.

Mama aliitikia marahaba, akavuta pumzi kidogo, kisha akamuuliza, "Mwanangu, hizo za kukodi, mkataba mfupi kabisa ni wa muda gani?"

"Mwaka mmoja, bibi."

"Hakuna wa miezi mitatu?"

Eliakimu alitutazama sisi, kana kwamba sisi ndio wenye jibu. Mrisho akarukia kwamba tunanunua, mama asihangaike, ataitumia sola yake mwenyewe mpaka aichoke. Alikuwa anacheka, kicheko cha ovyo, kile cha mtu aliyebanwa. Mama akamsubiri amalize.

"Bajaji usiuze," alisema. "Kuta za nyumba hii ni nyembamba, nimewasikia siku zote. Mnaogopa kunichuria, mnaniacha niogope peke yangu."

Sikuwa na pa kuficha uso. Miezi yote ile tulikaa naye tukimsimulia Idi ijayo, nguo gani tutamshonea, na yeye aliitikia tu ili asituvunje moyo. Sisi tulidhani tunamficha, kumbe tulimfungia mlango.

Mrisho alikaa sakafuni pembeni ya kitanda. Kwa mara ya kwanza akamuuliza anaogopa nini. Mama alisema kufa haogopi sana. Anaogopa umeme ukatike mchana sisi tuko kazini, mtungi uko pale pembeni na yeye hawezi kuufikia.

Mrisho alishika mkono wa mama, hakuwa na ubishi tena. Eliakimu akauliza kwa sauti ya chini nani atatia sahihi. Nikachukua kalamu nikasaini mwaka mzima, na machozi yaliyonitoka yalikuwa ya ile miezi ambayo paneli zitakuwa bado juu ya bati, na kitanda kitakuwa kitupu.